Saa ya maji na pepo: Ufunguo wa kuwaona furukombe, kasa na nguva wa Lamu

WATALII wengi wanaozuru Kenya kutazama wanyamapori huelekea Maasai Mara, Amboseli au Tsavo, ambako mtu hulipa langoni, huketi garini na kutembezwa mpaka aonyeshwe simba. Katika visiwa vya Lamu chombo cha safari ni mashua, na ratiba ya siku haipangwi na kampuni ya utalii bali na mwezi, maji na upepo.

Asiyeijua ratiba hiyo anaweza kukaa Lamu wiki nzima asione chochote zaidi ya punda na paka wa mitaani. Anayeijua anaweza, katika muda wa siku tatu tu, kumsikia furukombe akilia juu ya mikoko, kushuhudia makundi ya ndege waliovuka bahari kutoka Uarabuni, na pengine kumwona kasa akipanda ufuoni usiku kuja kutaga.

Wanaoijua vyema zaidi ni wavuvi, manahodha na wakata mikoko wa Amu, Manda, Pate, Ndau, Kiwayu na Kiunga. Hapo ndipo lilipo suala zito linalofichwa na picha za kupendeza za watalii. Elimu inayomwezesha mtu kumpata kasa ili amtazame ndiyo ile ile iliyomwezesha babu yake kumpata ili amchinje. Itatumika kwa lipi kati ya hayo mawili ni jambo linalotegemea sana iwapo mwenyeji ana faida yoyote ya kumwacha mnyama huyo hai.

Hazina iliyo baina ya nchi kavu na bahari

Visiwa vya Lamu viko kaskazini mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia. Baina yavyo na bara mna mikono ya bahari iliyozungukwa na mikoko, na upande wa nje kuna miamba ya matumbawe inayovunja nguvu za mawimbi. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika kaunti hii.

Mikoko si miti ya boriti na kuni pekee. Mizizi ya mkoko, mchu, mlilana na mkandaa ndiyo kitalu cha samaki na kamba wadogo. Majani yanayoanguka huoza na kuwalisha kaa, kaa huliwa na ndege, na samaki wanaokulia humo huishia makuchani mwa furukombe au nyavuni mwa mvuvi. Nje ya mikoko kuna mashamba makubwa ya nyasi za baharini, ambayo ni malisho ya kasa na nguva.

Serikali ilitambua thamani ya eneo hilo mapema. Hifadhi za taifa za Boni na Dodori, zilizo bara, zilitangazwa mwaka 1976. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, yenye msururu wa visiwa vidogo vipatavyo 50, ikafuata mwaka 1979. Mji wa kale wa Lamu nao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) mwaka 2001.

Jinsi saa ya maji inavyofanya kazi

Katika pwani ya Kenya, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na ushei. Kila siku wakati wa kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikikaribia mita nne. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na tofauti hiyo hupungua sana.

Kwa anayetafuta wanyama, tofauti hizo ni muhimu kuliko ramani. Siku za bamvua, maji hupwa kabisa majira ya saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo mafungu ya mchanga na matope huwa wazi, na ndege wanaokula kaa na nyungunyungu wa baharini hutawanyika humo kwa mamia. Maji yanapoanza kujaa, husukumwa taratibu kuelekea nchi kavu mpaka hukusanyika pamoja juu ya fungu la mwisho lililosalia. Mtazamaji aliyetangulia kuketi hapo huwaona wakimjia bila kuwafukuza.

Wiki moja baadaye mambo hugeuka. Kwenye maji mafu, wakati kama huo wa asubuhi maji huwa yamejaa, na mashua inaweza kupenya mikono myembamba ya mikoko. Hata safari ya kwenda kwenye magofu ya Takwa katika kisiwa cha Manda, mji uliohamwa na wakazi wake katika karne ya 17, hutegemea maji hayo, kwa kuwa mkono wa bahari unaofika huko hupitika maji yakiwa yamejaa tu.

Furukombe, mlinzi wa mikoko

Furukombe ni tai mwenye kichwa, kifua na mkia mweupe, tumbo la rangi ya kahawia nyekundu na mabawa meusi. Jike ni mkubwa kuliko dume, na mabawa yake yakikunjuliwa hufikia kiasi cha mita 2.4. Nyayo zake zina miiba midogo inayomwezesha kumshika samaki anayeteleza. Huwinda zaidi asubuhi: hutua juu ya mti mrefu, hutazama maji kwa utulivu, kisha hushuka na kunyakua samaki aliye karibu na uso wa maji.

Kwa kawaida husikika kabla hajaonekana. Dume na jike huitikiana wakitupa vichwa nyuma, na sauti yao husafiri mbali juu ya maji. Mlio huo ni tangazo kwa furukombe wengine kwamba sehemu hiyo ina wenyewe.

Katika maziwa ya Naivasha na Baringo, waendesha mashua wamezoea kupiga mluzi na kumrushia furukombe samaki ili watalii wapate picha. Mtindo huo hufurahisha, lakini humfundisha ndege kumtegemea binadamu na kusogelea mashua. Njia iliyo bora mikokoni ni kuzima mtambo, kuiacha mashua ielee pamoja na maji, na kungoja. Mti wenye kinyesi cheupe matawini na mifupa ya samaki chini yake ni dalili tosha kwamba mwenye nyumba hayuko mbali.

Wageni wa kaskazi na wazazi wa kusi

Mbali na saa ya maji, kuna kalenda ya pepo. Mabaharia wa Uswahilini waliugawanya mwaka wa jua kwa makumi ya siku, yaitwayo miongo, wakianza kuhesabu siku ya Nairuzi. Kwa hesabu hiyo walijua lini kaskazi ingewaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba, na lini kusi ingewarudisha.

Ndege nao wana safari zao. Yupo ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mfano wa patasi, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huzalia katika fuo za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia kati ya Aprili na Agosti, kisha makundi yake huja kukaa katika pwani ya Afrika Mashariki hadi miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Tofauti na ndege wengine wa ufuoni, huyu huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja, akiliachia joto la ardhi sehemu ya kazi ya kulialika. Msimu huo wa kaskazi ndio pia wanaokuja keremkerem wekundu kutoka kaskazini, ambao jioni hulala mikokoni kwa makundi.

Kusi inapovuma, baharini huwa na misukosuko na wageni hupungua. Lakini ndio wakati ambapo visiwa vidogo vya Kiunga huwa na shughuli nyingi. Buabua na shakwe hutaga mayai juu ya mawe makavu, mbali na wanyama wa bara wanaoweza kuwadhuru watoto wao. Hifadhi hiyo imo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini kwa sababu ya makundi hayo yanayozaliana. Nyangumi wenye nundu nao hupanda kutoka bahari za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto ya ukanda huu, na huonekana pwani ya Kenya kuanzia mwezi wa Julai.

Wakati huo ndipo mtazamaji anapoweza kudhuru bila kukusudia. Akishuka kisiwani, wazazi wote huruka kwa pamoja. Mayai na makinda hubaki kwenye jua kali la mchana, na shakwe hupata nafasi ya kuyanyakua. Dakika chache za kupiga picha zinaweza kugharimu kizazi cha mwaka mzima. Ndege wanaozaliana hutazamwa wakiwa mashuani, kwa darubini.

Kasa: mnyama wa miongo mingi

Kasa wa kijani ndiye anayetaga zaidi katika pwani ya Kenya. Jike hutaga mayai yapatayo 100 au zaidi kwa mara moja, na hurudi mara kadhaa katika msimu mmoja, kila baada ya wiki mbili hivi. Mayai huanguliwa baada ya takriban miezi miwili. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia: mchanga wenye joto zaidi hutoa majike, na ulio baridi hutoa madume. Ndiyo maana kuongezeka kwa joto duniani kunawatia wasiwasi wahifadhi.

Kifaranga wa kasa anaweza kuchukua kati ya miaka 20 na 50 kabla ya kuwa mzazi. Maana yake ni kwamba jike anayechinjwa leo hawezi kupata mrithi kwa haraka, hata kama ulinzi utaimarishwa kesho.

Biashara ya magamba ya ng'amba katika pwani hii ina umri mkubwa. Periplus, kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kilitaja magamba hayo miongoni mwa bidhaa za Afrika Mashariki. Wavuvi wa Kibajuni nao walikuwa na mbinu ya kumfunga kamba chazo, samaki anayegandamana na viumbe wakubwa, wakamwachia aogelee hadi amnase kasa. Nyama na mafuta ya kasa vilikuwa kitoweo na dawa.

Sheria sasa inakataza kuua kasa. Hata hivyo, sheria pekee haifiki katika kila ufuo. Kilicholeta mabadiliko Kiunga na Shela, tangu miaka ya 1990, ni mipango ya kuwashirikisha wavuvi wenyewe: anayeripoti kiota hupewa kifuta jasho, na kiota kikiwa mahali panapofikiwa na maji mayai huhamishwa na watu waliofunzwa kazi hiyo.

Mgeni anayebahatika kushuhudia kasa akitaga ana masharti yake. Asiwashe tochi nyeupe wala kupiga picha kwa mwanga mkali. Akae nyuma ya mnyama, akiwa kimya, na asisogee mpaka mayai yaanze kutoka, kwa sababu jike akishtuka kabla ya hapo hurudi baharini. Vifaranga nao wasibebwe kupelekwa majini. Wao huongozwa na mwanga wa upeo wa bahari, na taa za majumba yaliyojengwa ufuoni huwapoteza njia.

Nguva anayetoweka

Yuko mnyama mmoja ambaye hata nahodha hodari hathubutu kumwahidi mgeni. Nguva, ambaye hadithi za mabaharia zimemfanya nusu mtu na nusu samaki, kwa hakika ni mnyama anyonyeshaye anayekula nyasi za baharini. Hufikia urefu wa mita tatu na uzani wa kilo 400, na anaweza kuishi miaka 70. Udhaifu wake ni uzazi: jike hubeba mimba zaidi ya mwaka mmoja, huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa kati ya miaka mitatu na saba kabla ya kuzaa tena.

Mnyama wa namna hiyo hawezi kuhimili nyavu. Mwezi Desemba 2022, Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika kundi la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kwamba waliofikia umri wa kuzaa hawazidi 250 katika ukanda wote. Maji ya Lamu na Kiunga, yenye malisho mapana ya nyasi, yamekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa makao yake nchini Kenya.

Msitu uliofungwa na hofu

Ng'ambo ya visiwa, misitu ya Boni na Dodori huhifadhi siri nyingine. Kamera zilizotegwa humo na watafiti ziliwapiga picha paa nunga wengi kuliko ilivyotarajiwa, mnyama ambaye nje ya hapo hupatikana Zanzibar na katika msitu wa Arabuko Sokoke. Mwaka 2010, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini (KWS) na wanasayansi kutoka London walitangaza kwamba kamera hizo zilinasa pia sengi mkubwa aliyeelekea kuwa wa aina isiyowahi kuandikwa na wataalamu.

Wenyeji wa msitu huo ni Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni. Kwa karne nyingi waliishi kwa uwindaji na kurina asali. Serikali ilipopiga marufuku uwindaji kote nchini mwaka 1977, watu waliousoma msitu kuliko mtu yeyote walijikuta wamegeuzwa wavunja sheria bila kupewa njia mbadala ya kutosha. Baadaye zikaja silaha. Utekaji nyara wa watalii mwaka 2011 huko Kiwayu na Manda, na mashambulizi ya Al-Shabaab yaliyofuata, viliua biashara ya utalii, na mwaka 2015 serikali ilianzisha operesheni ya kijeshi msituni. Anayepanga safari kuelekea Kiunga au bara ya Lamu sharti apate kwanza ushauri wa vyombo vya usalama.

Funzo kutoka kisiwa cha Mull

Je, mnyama anaweza kweli kumlisha mwenyeji akiwa hai? Mfano mmoja unatoka mbali, katika kisiwa cha Mull, Scotland. Tai wa baharini mwenye mkia mweupe, wa ukoo mmoja na furukombe, aliwindwa Uingereza hadi wa mwisho akauawa mwaka 1918. Kuanzia mwaka 1975, makinda kutoka Norway yaliachiwa katika kisiwa cha Rum, na mwaka 1985 kinda la kwanza likakulia Mull.

Mwaka 2011, shirika la kuhifadhi ndege la RSPB lilikadiria kwamba wageni wanaovutiwa na tai hao hutumia hadi pauni milioni 5 kila mwaka kisiwani humo. Fedha hizo huingia katika nyumba za wageni, mikahawa na mashua za wenyeji. Pamoja na hayo, wafugaji wa Scotland wamelalamika kwamba tai huchukua wana-kondoo wao, na serikali imelazimika kuweka mpango wa kuwasaidia. Funzo lake ni wazi: faida haiji yenyewe, na anayebeba hasara lazima ahesabiwe.

Nani atahesabiwa Lamu?

Swali hilo limekwisha kufika mahakamani. Ujenzi wa bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, ulihitaji kuchimbwa kwa sakafu ya bahari. Uchimbaji wa aina hiyo hutibua matope yanayozuia mwanga kufika kwenye nyasi na matumbawe. Mwaka 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Mwaka 2019, mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Wenyeji hawakungoja mahakama pekee. Jamii za kisiwa cha Pate zimejaribu kufunga baadhi ya maeneo ya uvuvi wa pweza kwa miezi kadhaa ili wapate kukua. Mafundi wa Lamu nao waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki na ndara zilizookotwa fuoni, wakalishusha majini mwaka 2018 na kulisafirisha hadi Zanzibar mwaka 2019, kuonya juu ya taka zinazowaua kasa na ndege.

Mgeni ana sehemu yake. Akimkodi nahodha wa Shela, Matondoni au Faza, akamwuliza habari za maji kabla ya kupanga siku, na akakubali kurudi bila picha pale ambapo kusogea karibu kungeleta madhara, atakuwa amelipia kitu kisichouzwa dukani: elimu ya baharini iliyorithiwa. Kijana wa Lamu akiona elimu hiyo inaleta mkate nyumbani, atakuwa na sababu ya kuijifunza kwa wazee wangali hai, na sababu ya kumfungua kasa aliyenasa wavuni badala ya kumtia sufuriani.